Meno Mawili Mazima ya Mzee Nkwabi

Ifahamike kwa wakazi wote wa Kalangalala, kwa mji mzima wa Geita, na kwa kila mwenye meno kinywani kuanzia hapa hadi Mhunze, kwamba siku ya Jumanne, saa mbili na robo asubuhi, Mzee Nkwabi alitangaza vita dhidi ya madaktari wote wa meno, walio hai, waliokufa na watakaozaliwa. Tangazo lilitolewa uani, nyumbani kwa mwanawe Edson, kwa sauti kuu, fimbo juu, mguu mmoja mbele.

Waliolisikia ni kuku watatu, mwendesha bodaboda mmoja na Vumilia, mjukuu wa mzee. Kuku waliendelea kudonoa. Mzee mwenyewe alikuwa na kandambili moja tu, maana ya pili alikwisha kuirusha ukutani, na kila alipofungua kinywa ili aendelee kutangaza, ubaridi wa asubuhi ulimwingia kwenye meno, akakatiza neno na kushika shavu.

Lakini hasira yake haikuwa ya mchezo. Alikuwa ametoka kujitazama kwenye kioo cha pikipiki.

Mzee Nkwabi alikuja Geita na pengo la meno mawili ya juu, ya mbele kabisa. Pengo hilo walikuwa wamezoeana. Kulia na kushoto kwake palikuwa na meno mawili mazima, makubwa, yenye rangi ya udongo kama yalivyo meno ya wengi waliokulia maji ya visima vya Kishapu. Kwa meno hayo alikuwa amevunja mifupa ya mbuzi kwa zaidi ya miaka sitini. Sasa mahali pake kwenye kioo aliona vijiti viwili vyembamba, vimechongoka kama meno ya panya.

"Nilikuja na pengo la mawili," alisema kwa Kisukuma, taratibu, kama mtu anayehesabu ng'ombe waliorudi pungufu. "Leo nina pengo la manne. Nilikwenda kuongezewa au kupunguziwa?"

Aligusa vijiti vile kwa ncha ya ulimi.

"Amenisaga. Yule binti daktari amenisaga kama jiwe la dhahabu kwenye karasha."

Mwendesha bodaboda, aliyeitwa Davis, alishuka kwenye pikipiki yake akachungulia kinywani mwa mzee bila kuombwa. Alikuwa mzaliwa wa Kagongwa, na aliwahi kuchimba dhahabu mpaka kifusi kikamshauri vinginevyo.

"Mzee, shikamoo. Hiyo si kazi ya kawaida," alisema. "Na ule unga uliotoka, aliupeleka wapi?"

"Unga gani?"

"Unga wa meno yako. Jino zima la mtu mzima, mzee. Huku kuna wenye maduara wanaweza kuutafuta, wakaunyunyize shimoni jiwe likubali."

Maduara ni mashimo ya dhahabu, na mwenye duara lisilotoa kitu husadiki lolote. Davis hakuwa na ushahidi hata wa kujaza kisoda. Lakini mzee alimtazama, akatazama barabara, kisha akaenda kuokota kandambili ya pili.

"Tunakwenda," alisema. "Vumilia, twende ukaniwekee maneno yangu kwa Kiswahili."

Vumilia alisema labda wamsubiri baba yake atoke dukani kwanza. Alisema pia kwamba kichwa kinamuuma. Mzee alikuwa ameshatoka getini.

Ili ghadhabu hii ieleweke, lazima isemwe habari ya mluzi.

Kule Mhunze, wilayani Kishapu, nyumbani kwa mzee, ng'ombe wa kaya saba au nane hunywa pamoja kwenye lambo moja. Hakuna anayewatenga kwa fimbo. Jua likishafika mahali pake, kila mwenye zizi husimama ukingoni na kupiga mluzi wake, na ng'ombe wake, hao tu, huinua vichwa na kumfuata. Mluzi wa Mzee Nkwabi ulikuwa mrefu, unapanda, unakatika, kisha unashuka mara mbili. Ng'ombe thelathini na mmoja waliujua.

Mwezi wa tatu, dume aliyenunuliwa mnadani alirusha kichwa wakati wa kuchomwa sindano, na pembe ikaondoka na meno mawili. Kuanzia siku hiyo mzee akikunja midomo, kinachotoka ni pumzi. Fuuu. Ng'ombe walimtazama kwa huruma, kisha wakamfuata jirani yake, Mzee Wiliam, ambaye mluzi wake ulikuwa mbovu lakini ulisikika. Kila jioni Wiliam aliwarudisha mwenyewe mpaka zizini, kwa adabu iliyokuwa inauma kuliko tusi.

"Ng'wana Malale, hawa wamekuja kunisalimia tena," alikuwa akisema, akimwita mzee kwa jina la baba yake. "Nimewaambia baba yenu mzima, amekuwa kimya tu."

Mzee alitengenezewa meno ya bandia ya kuvaa na kuvua. Siku ya kwanza tu alipoyajaribu lamboni, aliyapuliza pamoja na mluzi. Yaliruka kama panzi yakatua matopeni, na ndama mmoja akayakanyaga. Wiliam aliinama kuyatafuta kwa bidii kubwa, akicheka mpaka akakaa chini.

Nyumbani mwote ni mtu mmoja tu aliyeweza kuuiga mluzi ule, naye ni Vumilia, binti wa Edson, mwanafunzi wa kidato cha tatu wa shule ya bweni. Alijifunza utotoni kwa ajili ya ukorofi: alikuwa akijificha nyuma ya minyaa na kuwaita ng'ombe nyumbani saa sita mchana, babu yake awakimbize na mkuki akidhani wameswagwa na wezi. Basi likizo ya Juni ilipofika akapelekwa Mhunze, na adhabu ya zamani ikamkuta. Alfajiri kuamka, mchana lamboni, jioni lamboni. Wanawake wa kisimani walisema mtoto wa kike anayepiga mluzi anaita nyoka nyumbani. Wiliam alisema yeye ameona mengi, ila hajaona mzee anayesemewa na mjukuu mbele ya ng'ombe wake mwenyewe.

Kwa neno hilo Mzee Nkwabi hakula siku mbili. Siku ya tatu alimwambia Edson kwenye simu kwamba anataka meno yasiyovuliwa.

Ndipo wakaja Geita, na siku ya Alhamisi wakaenda kwenye kliniki ya meno iliyo juu ya duka la vifaa vya ujenzi, kwa Daktari Serafina. Alikuwa mwanamke mwembamba kutoka Bukoba, mwenye sauti ya haraka, na Kisukuma chake kiliishia kwenye mwangaluka, salamu ya asubuhi. Mzee naye Kiswahili alikuwa nacho, lakini kilikuwa Kiswahili cha mnadani: bei, rangi, dume, jike, ondoka. Katikati yao akawekwa Vumilia.

Daktari alishika taya la plasta mkononi. "Daraja la meno ni hivi," alisema. "Meno mawili ya bandia yanaziba pengo. Yameungana na kofia mbili, moja kila upande. Kofia zinavishwa kwenye meno yake haya mawili ya jirani, nazo ndizo zinazobeba kila kitu. Lakini ili zivae, lazima niyachonge meno hayo pande zote, yawe membamba. Ni mazima. Yakishachongwa hayarudi kuwa yalivyokuwa. Akitaka, zipo njia nyingine, nitamweleza. Sigusi kitu mpaka aelewe. Mwambie, mdogo wangu, na usiache neno."

Vumilia aligeuka. "Babu, anasema atayasafisha haya mawili ya pembeni, ili mapya yashike vizuri. Weka dole gumba hapa kwenye fomu."

"Ndiyo hayo tu?" mzee aliuliza. "Mbona amesema mengi?"

"Ni adabu za hospitali, babu."

Msomaji asiwe na haraka ya kuhukumu. Vumilia ni binti mwenye akili, mpole, anayependwa na walimu karibu wote, na siku ile alikuwa na njaa iliyokaribia kuwa ugonjwa. Mzee aliweka dole gumba. Alipigwa sindano ya ganzi, mashine ikalia muda mrefu, na alipotoka alikuwa amebandikwa daraja la muda, la plastiki, la kufunika kazi mpaka lile lenyewe litoke kwa fundi Mwanza. Aliambiwa asitafune vitu vigumu. Hilo Vumilia alilitafsiri lote. Lakini mzee alikuwa amekuja na mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa juani mpaka vikawa kama mbao, na mtu wa Kishapu haachi michembe mfukoni kwa sababu ya maneno. Jumanne asubuhi alitafuna kipande kimoja. Plastiki ikatoka nacho.

Walifika kliniki wakiwa sita, maana Davis aliwaita wenzake wawili kijiweni na mama muuza vitumbua akafuata kwa hiari yake. Benchi la kusubiria lilijaa watu walioshika mashavu. Muuguzi Apolonia alisimama mlangoni kwa daktari, akauliza kama wana miadi.

"Waambie nimekuja kuchukua meno yangu," alisema Mzee Nkwabi. Aligonga fimbo sakafuni, na mtoto mmoja akaanza kulia.

Daktari Serafina alitoka na glavu mikononi. Alimwona mzee, akaona kinywa. "Mzee, shikamoo. Daraja la muda limetoka? Ingia haraka, meno hayo hayatakiwi kukaa wazi. Lako lenyewe limefika asubuhi hii hii."

Mzee hakuitikia marahaba. Kwa mtu wa umri wake, hiyo peke yake ilikuwa kofi.

"Mwambie," alimwambia Vumilia kwa Kisukuma, bila kuondoa macho kwa daktari. "Mwambie yeye ni mwizi. Nimeibiwa ng'ombe mara tatu maishani mwangu, lakini mwizi wa ng'ombe alikuja nikiwa nimelala. Huyu amenikalisha kwenye kiti, akaniambia nifunue kinywa, akaiba mchana. Mwambie anioneshe ulipo unga wa meno yangu."

Watu wote walimtazama Vumilia.

"Babu anakusalimu," Vumilia alisema kwa Kiswahili. "Anasema ana maumivu kidogo."

Davis alisogea mbele. "We binti. Mzee hajasema hivyo."

"Nimefupisha."

"Hujafupisha, umetupa. Daktari, mzee amesema wewe ni mwizi. Anataka unga wa meno yake. Na sisi tunautaka tuuone."

Mmoja wa wale wenzake alisema, "Tuuone," na mwingine akaenda kusimama kwenye ngazi, kana kwamba daktari angekimbia. Benchi likaanza kunong'ona. Mama muuza vitumbua alishauri aitwe mjumbe. Mtu mmoja mwenye shavu lililovimba alisimama, akasema yeye jino lake aling'olewa hapa wiki iliyopita na hakuoneshwa lilikotupwa.

Daktari Serafina alivua glavu. 

"Miaka sita," alisema. "Miaka sita niko mji huu nawatoa usaha vinywani. Leo nauza unga wa meno?" Alimgeukia Davis. "Wewe unajua Kisukuma?"

"Nimezaliwa nacho."

"Na wewe ndiye umeleta hili la unga?"

Davis alijikuna shingo. "Nilisema tu kwamba wapo watu…"

"Basi kwa kuwa unasema, nisemee na mimi. Muulize mzee: Alhamisi, kabla hajaweka dole gumba, aliambiwa nitamfanya nini?"

Davis aliuliza. Mzee alijibu kwa kifupi.

"Anasema aliambiwa utayasafisha."

Daktari aligeuka. Aliingia ndani, na wale wa mlangoni wakataka kumfuata, Apolonia akawazuia kwa mkono mmoja. Alirudi na vitu vitatu akavipanga kwenye meza ya mapokezi. Cha kwanza ni taya la plasta lenye meno mawili mazima kandokando ya pengo. Cha pili ni taya lile lile baada ya kuchongwa. Cha tatu kilitoka kwenye kijaluba kidogo: meno manne yaliyoshikana, mawili ya kando yana uwazi ndani kama kofia. Hayakuwa meupe. Yalikuwa na rangi ya udongo, na michirizi myembamba ya kahawia.

"Mwambie hivi," alimwambia Davis. "Fundi wa Mwanza alileta meupe. Nikayarudisha. Nikampigia simu, nikamtumia picha ya meno ya mzee, nikamwambia nataka rangi ya Kishapu, akirudi kwao asionekane ameazima kinywa. Na hivi vijiti ninyi mnavyovililia, vinaingia humu ndani. Hivi." Alilivika lile daraja kwenye taya lililochongwa. Lilikaa bila kutikisika. "Haya ndiyo niliyomwambia huyu mtoto Alhamisi, yote, na kwamba jino likichongwa halirudi, na kwamba anaweza kukataa. Nilimwambia asiache neno."

Davis alitafsiri. Safari hii hakuongeza chake. Alipofika kwenye 'anaweza kukataa', alishusha sauti.

Mzee Nkwabi alichukua lile taya la kwanza, la meno mazima. Aliligeuza. Alipitisha kidole gumba juu ya jino la kulia, kisha la kushoto, kama mtu anayepapasa ng'ombe aliyekwisha kumuuza. Wale vijana wa bodaboda walianza kutazama ngazi kwa sababu nyingine.

Kisha aligeuka kwa Vumilia.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. "Ng'wana wane, mwanangu," alisema, "mwambie daktari ni nani aliyenidanganya. Mwambie kwa Kiswahili, wote hawa wasikie. Davis, wewe kaa kimya usikilize kama anatupa neno."

Vumilia alisogea mezani. Alisimama wima, kama anavyosimama mbele ya mwalimu wa nidhamu, mikono nyuma, na akaanza kwa lugha safi kabisa.

"Daktari, babu anasema kwamba katika mazungumzo ya siku ya Alhamisi, mtafsiri, yaani Vumilia, mjukuu wake, kutokana na njaa na uchovu, aliacha baadhi ya—"

Fimbo iligonga sakafu.

"Vumilia ni nani?" aliuliza mzee. Kiswahili hicho, cha mnadani, alikisema mwenyewe. "Yuko wapi, nimwone? Sema mimi."

Mashine ya kukata mabati ilisikika kutoka duka la chini.

"Mimi," nikasema.

"Endelea."

"Ni mimi, Daktari. Wewe ulisema kuchonga, mimi nikasema kusafisha. Ulisema hayarudi, mimi sikusema kitu." Nikayarudia kwa Kisukuma, kwa sababu babu alinionesha kwa kidevu niyarudie. Nikasema pia ile habari ya njaa si kweli. Nilikuwa nimekula chapati mbili na maharage pale pale chini kabla hatujapanda ngazi.

"Kwa hiyo kwa nini?" aliuliza daktari.

Hapo ndipo pagumu, na nilitafuta mzaha wa kupitia, kama kawaida yangu, nikaukosa. Nilisema nilimjua babu. Nilijua akisikia neno kuchonga atashika fimbo yake, atarudi Mhunze na pengo lake, na kesho yake alfajiri nitakuwa lamboni napiga mluzi huku wanawake wa kisimani wananihesabia nyoka. Nilitaka likizo yangu. Wakati mashine inalia nilikuwa nje nacheka, namwambia rafiki yangu kwenye simu kwamba nimemaliza ufugaji kwa sentensi moja.

Mtu mwenye shavu lililovimba alisema, "Yesu Maria."

"Nilijua ungekataa, babu," nikasema.

"Ningekataa," alisema babu.

Alilirudisha taya la plasta mezani, polepole, akihakikisha halianguki. Alimwamkia daktari kwa Kisukuma, mwangaluka, na daktari akaitikia. Kisha akamwambia, kwa Kiswahili chake kile kile, "Sema tena. Wewe. Taratibu. Mimi nasikia." Waliingia ndani wawili, mlango ukafungwa, na watu wa benchi wakabaki wananitazama mimi.

Davis aliniuliza kama kweli ule mluzi naweza kuupiga. Mimi nilikuwa nikisikiliza mlangoni. Daktari alikuwa anasema neno moja moja, na babu anauliza, na baada ya kila jibu kulikuwa na ukimya mrefu, na mpaka leo sijui ni wapi kati ya ukimya ule babu yangu aliamua kukubali, maana safari hii hakuna aliyenihitaji. Najua tu kwamba alipewa nafasi ya kukataa wakati kilichobaki cha kukataa ni kidogo sana. Nafasi yenyewe ilikuwa ya Alhamisi, na aliyeichukua ni mimi.